Tagi Namba 417

Kitu cha kwanza alichoomba Omariba Nyang'au alipofunguliwa pingu kilikuwa kitambaa. Mashine yake ilikuwa imekaa siku nzima bila kufunikwa, vumbi la barabara limeingia, naye hakutaka kuwaonyesha polisi ikiwa chafu. Sajini Chemutai alimtazama akipangusa reli moja baada ya nyingine, akakasirika. Mtu anayepelekwa kortini Jumatatu kwa wizi wa mifugo anapaswa kuwa na mambo mengine kichwani.

"Fanya haraka," alisema.

"Vumbi likikaa kwa hii skrubu, madam, inachora kama imelewa."

Konstebo Nyabuto alisimama mlangoni kuzuia watu. Ilikuwa saa tatu asubuhi ya Jumamosi, na nusu ya mji wa Kapsoit ilikuwa imejipanga nje ya karakana. Walikuwa wakiongea polepole, jambo ambalo Chemutai hakulipenda hata kidogo, angependelea kelele. Omariba alikuwa amekaa hapa miaka sita tu, mtu wa kuja. Mkewe, Phanice, alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha pili. Hakimu akimweka rumande Jumatatu, hata akirudi baada ya mwezi bila hatia yoyote, asingekuta mlango wa kufungua. Watu wa huku wanasamehe mengi. Wizi wa ng'ombe haumo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe kumi na tisa Machi, ng'ombe wa mjane mmoja aitwaye Rodah aliibwa malishoni, katika kijiji cha Daraja. Rodah alikuja kituoni, na Chemutai akaandika kwa mkono wake: Freshia, jike, jina Sela, tagi ya ushirika wa maziwa namba T 417. Wiki tatu baadaye, Jumanne hii iliyopita, askari wa doria kwenye soko la mifugo la Mulot wakaona Freshia mwenye tagi T 417 sikioni. Kabla hawajamfikia muuzaji, mtu mmoja alitamka neno mwizi, na muuzaji akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya akisikia neno hilo sokoni. Alitoka mbio, akaacha ng'ombe na koti. Mchana huohuo Chemutai alimpeleka Rodah Mulot. Rodah akamzunguka yule ng'ombe mara mbili, akamshika sikio, akasema, "Huyu si Sela."

Tagi ni yake, ng'ombe si wake. Chemutai alikuwa amelala na jambo hilo siku nne na kuamka nalo. Maelezo aliyokuwa nayo aliyapenda kwa sababu hakuwa na mengine: kuna watu wanachukua namba ya ng'ombe aliyesajiliwa, wanaiweka kwenye tagi mpya, wanamvisha ng'ombe asiye na karatasi, kisha wanamuuza mbali. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kuandika juu ya plastiki. Tagi za ushirika hupigwa chapa kiwandani, herufi zake ni laini. Hii ilikuwa imeungua. Nyabuto ndiye aliyesema ameona maandishi ya namna hiyo kanisani kwao, na ndiyo sababu Omariba alikuwa amelala seli usiku uliopita.

"Nionyeshe inavyofanya kazi," Chemutai alisema.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa meza ya kulia chakula. Omariba aliiunda mwenyewe kwa aluminiamu ya madirisha na mota za mashine za fotokopi zilizokufa. Kompyuta ndogo ndiyo iliyoiongoza: unachora jina kwenye kioo, na mashine inapeleka kisu mbele, nyuma na pembeni mpaka jina litokee kwenye mbao. Miaka miwili alichonga milango na vibao vya maduka. Mwezi wa Februari alitoa kile kimota chenye kisu, akafunga leza mahali pake, kijisanduku cheusi kisichozidi pakiti ndogo ya majani ya chai, feni juu na jicho chini.

"Waya wa kuiwasha niliingiza palepale waya ya kimota ilikuwa," Omariba alieleza. "Ikawaka siku ya kwanza. Nikafikiri nimemaliza."

"Kumbe?"

"Kumbe mashine haikujua kuna leza. Ilifikiri bado imeshika kisu."

Aliwapa miwani ya kijani. Ilikuwa miwili tu, kwa hiyo Nyabuto aliambiwa aangalie ukutani, akafanya hivyo kwa utiifu mkubwa. Mwanga wa buluu ukaanza kutembea juu ya kipande cha sipresi, moshi mwembamba ukapanda, na herufi zikatokea za kahawia. Harufu ikawa ya moto wa jikoni.

"Sasa angalia hii ya zamani." Omariba alivuta ubao mwingine chini ya meza. "Mashine ikifika kwa kona lazima ipunguze mwendo. Kisu kikipunguza mwendo hakuna shida. Lakini leza ikichelewa mahali, inaunguza. Kila kona ikawa na doti."

Chemutai alitoa tagi ya njano kwenye mfuko wa vielelezo na kioo cha kukuzia. Kwenye T kulikuwa na doti mwisho wa kila mkono. Kwenye 4, doti tatu. Kwenye kona ya 7, moja kubwa kama kichwa cha kiberiti. Moyo wake ulipiga kwa furaha kidogo.

"Hii ni kazi yako."

"Ni yangu. Jana mngeniuliza ningewaambia. Sijakataa hata siku moja."

Chemutai alikuwa ameandaa maswali kumi na moja ya kumfikisha kwenye jibu hilo. Aliyafunga kwenye daftari, akahisi kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukuwa umefungwa.

"Nani aliileta?"

"Mteja. Alikuja na tagi tupu ya kununua kwa duka la agrovet, akasema ile ya zamani ng'ombe amekwaruza kwa ua ikakatika. Hiyo ni mwisho wa mwezi wa pili."

"Una uhakika gani ni mwezi wa pili?"

"Si ni kwa hizo doti." Alimwonyesha ule ubao wa zamani. Ulikuwa na mistari ya herufi za majaribio, kila mstari na tarehe yake. Hadi tarehe saba Machi kila kona ilikuwa na doti. Kuanzia tarehe nane herufi zilikuwa safi. "Kuna seti moja kwa mashine, namba thelathini na mbili. Ilikuwa sifuri. Nilihangaika nayo wiki mbili, nabadilisha nguvu, nabadilisha mwendo, kumbe ni kuweka moja tu. Hapo mashine ikajua imebeba moto. Ikipunguza mwendo, inapunguza na moto."

Chemutai alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti. Tagi ilichomwa kabla ya tarehe nane. Sela aliibwa tarehe kumi na tisa. Nani anatengeneza tagi ya ng'ombe ambaye bado anakula nyasi kwa mwenyewe?

"Unaweza kurudisha hiyo sifuri?"

"Ni sekunde mbili."

"Basi ungeweza kuichoma hata wiki jana, na doti zake."

"Ningeweza," Omariba alisema, bila kujitetea. "Lakini nihangaike wiki mbili na ugonjwa, upone, halafu niurudishe kwa sababu gani?"

"Afande," Nyabuto alisema, bado ameelekea ukutani, "kile kibao cha kanisa letu kilitolewa tarehe kumi. Nilikishika. Hakikuwa na doti."

Hilo halikusaidia mtu. Chemutai alimruhusu ageuke. Kichwa kilikuwa kinamzunguka: kila jibu la Omariba lilikuwa la kweli, na kila ukweli ulizidi kuvuruga mambo. Angependa sana mtu mmoja adanganye, apate pa kushika.

"Jina la huyo mteja."

"Silikumbuki. Wakati huo kila mtu alikuja kuona leza. Lakini mwandiko wake niko nao."

"Mwandiko?"

Omariba alinyanyua kidevu kuelekea juu ya mlango. Kilikuwa kimetundikwa kibao kizuri cha mvule, kimechongwa kwa kisu, maua pande zote, na katikati: KARIBU BABA PISHOP.

"Mwaka jana," alisema. "Mzee wa kanisa alinipigia simu. Mimi nikaandika vile nilisikia. Walikikataa, na mbao ilikuwa yangu. Tangu siku hiyo siandiki kwa kusikia. Mteja anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, na mimi naweka karatasi. Nyinyi Wakipsigis mkiongea mnasikilizana vizuri. Mimi ndio nabaki na mbao."

Watu wa mlangoni waliosikia walicheka, na Chemutai naye akacheka kabla hajakumbuka yuko kazini. Nyumbani kwao Bishop alikuwa Pishop miaka yote, na Mungu hakuwahi kulalamika.

Karatasi zilikuwa kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia, vipande vya katoni na risiti na karatasi za daftari. Walizimwaga mezani na kuzipekua wote watatu, mshukiwa akiwa hodari kuliko polisi. Nyabuto ndiye aliyeipata. Kipande cha katoni, kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyebonyeza sana: T 417. Chini yake: *Kiptum, Tulwet*.

Chemutai aliisoma mara tatu. Mwizi wa mifugo ameagiza tagi ya bandia, akaandika jina lake na kijiji chake.

"Tulwet," alisema. "Rodah anatoka Daraja."

"T ni ya nini, Afande?" Nyabuto aliuliza. Alikuwa na miezi miwili tu katika kituo chao na bado alikuwa na maswali ya mgeni.

"Ya ushirika. Ni herufi zao."

"Walisema hii namba ni ya Rodah?"

"Niliwapigia Jumatano. Karani alisema ni ya Rodah." Alisikia jibu lake mwenyewe na halikumridhisha. Alikuwa amepiga simu. Hakuwa ameenda kuona kitabu.

Omariba alirudishwa kwenye gari na pingu zake. Phanice alitoka na chai kwenye chupa, akampa Nyabuto, kwa sababu hakujua kama inaruhusiwa kumpa mumewe.

Ofisi ya ushirika ilikuwa chumba kimoja kando ya mizani ya maziwa. Karani wake, Bethwel, alikuwa mtu mzima mwenye suruali safi na mabuti ya mpira, na alimpokea Chemutai kwa heshima zote. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, mvua, na bei ya maziwa. Nyabuto aliketi kwenye kreti.

"Mzee, nilikupigia Jumatano," Chemutai alisema. "Nilikuuliza tii nne moja saba ni ya nani."

"Ndio. Nikasema ni ya Rodah wa Daraja."

"Na Kiptum wa Tulwet, unamjua?"

"Namjua sana. Mtu ya kanisa. Ako na ng'ombe moja."

"Tagi yake ni ngapi?"

Bethwel hakuhitaji kitabu. "Tii nne moja saba."

Chemutai aliweka kalamu chini. "Mzee, umesema hiyo ni ya Rodah."

"Ya Rodah ni tii nne moja saba."

"Na ya Kiptum?"

"Ya Kiptum ni tii nne moja saba."

"Wote wawili wana namba moja?"

"Hapana." Bethwel alianza kumwonea huruma. "Haiwezekani. Kila mtu ako na yake. Moja ni tii, ingine ni tii."

Nje, mtu alikuwa akimimina maziwa kwenye mkebe mkubwa. Chemutai alimtazama Bethwel akitafuta dalili ya mtu anayecheza na polisi, na Bethwel alimtazama yeye akitafuta dalili ya homa.

"Afande, samahani," Nyabuto alisema kutoka kwenye kreti. Alichagua maneno kwa uangalifu, kama mtu anayemwambia mkwe wake kuwa amevaa viatu vya miguu tofauti. "Nyinyi wawili mnatamka kitu kimoja. Mzee, si uandike?"

Bethwel alichukua karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani, akaigeuza waione.

D 417 – Rodah, Daraja.
T 417 – Kiptum, Tulwet.

"Daraja ni hiyo ya kwanza, Tulwet ni hiyo ya pili," alisema. "Kila kituo cha maziwa kinaanza namba moja. Hiyo ndiyo nimekuwa nikisema."

Chemutai alifungua daftari lake kwenye ukurasa wa tarehe kumi na tisa Machi. T 417, mwandiko wake, wino wake. Aliikumbuka asubuhi ile vizuri. Kadi ya ng'ombe ilikuwa imebaki kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo Rodah alitaja namba kwa mdomo, yeye akaiandika, halafu akamsomea kwa sauti kama utaratibu unavyotaka, na Rodah akasema ndiyo. Wangeweza kusomeana hivyo mpaka jioni. Ulimi wake na ulimi wa Rodah zilitoka kilima kimoja, na sikio lake lilipewa herufi mbili za kuchagua, likachagua ile isiyokuwepo. Halafu Jumatano akapiga simu kuuliza ulimi wa tatu kutoka kilima hichohicho.

Mambo yote yaliyokuwa yamemzunguka siku nne yakatulia kwa mpigo mmoja, na hakupata raha yoyote. Tagi haikuwa bandia. Kiptum alikuwa akiuza ng'ombe wake mwenyewe, kwa tagi aliyoiandikisha upya baada ya ile ya kwanza kukatika, na alikimbia kwa sababu watu walitaka kumuua. Omariba alikuwa ameandika kile mteja alichoandika. Hakuna mtu aliyekuwa amekosea herufi isipokuwa polisi.

"Basi Omariba anaenda nyumbani," Nyabuto alisema, akitabasamu.

"Ngoja," Chemutai alisema.

Alikuwa ameanza kufikiri jambo lingine. Kama kwa wiki tatu kituo kizima kilikuwa kikitafuta T, basi hakuna aliyekuwa akiitafuta D. Alitoa simu, akaingia kwenye kundi la vituo vyote vya eneo, akarudi nyuma ujumbe baada ya ujumbe. Ulikuwa pale, tarehe ishirini na sita Machi, kutoka zizi la kaunti kule Mulot, wanakowekwa mifugo waliookotwa: *Freshia jike, kamba imekatwa, ameokotwa barabara ya Narok. Tagi D 417. Mwenyewe ajitokeze.* Aliukumbuka. Alikuwa ameusoma, akaona D, akaupita.

Alibonyeza namba ya zizi, kisha akampa Nyabuto simu. "Uliza wewe," alisema. "Sema D."

Nyabuto aliuliza. Alisikiliza, akashukuru, akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Walimweka siku kumi na nne kama sheria inavyosema. Hakuna aliyekuja. Ameuzwa kwa mnada, Afande. Mtu wa bucha amemchukua kwa lori."

"Lini?"

"Jumanne."

Inspekta Oyaro, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akauliza maswali mawili, kisha akafunga mlango.

"Andika ushahidi hautoshi," alisema. "Fundi anaachiliwa leo, na hiyo inaisha."

"Afande, nikiandika hivyo, Kapsoit watasoma kwamba aliiba na sisi tukashindwa."

"Na ukiandika ile ingine, kuna barua itakuja na jina lako."

Chemutai alijua. Miaka kumi na moja ya kazi na faili safi, na mwezi wa saba kulikuwa na nafasi ya kupanda cheo. Aliogopa, na hakujificha kwamba ameogopa. Kisha aliketi, akaandika kwamba namba ya tagi iliandikwa vibaya na afisa aliyepokea ripoti, Sajini Chemutai, na kwamba Omariba Nyang'au hakuhusika kwa lolote. Oyaro alisoma, akashusha pumzi, akagonga muhuri. Ilibaki sahihi moja: ya mlalamikaji, kwamba hana dai lolote dhidi ya fundi. Asiposaini, faili lingekwenda mbele ya hakimu Jumatatu pamoja na fundi, ajieleze huko.

Rodah alifika saa nane na nusu, kofia ya kuchumia chai bado kichwani. Aliketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Chemutai alimweleza kila kitu kwa Kipsigis, polepole, bila kuruka herufi wala ujumbe wala mnada. Alitaka mama huyo apige kelele. Rodah alisikiliza mpaka mwisho.

"Ameuzwa siku gani?"

"Jumanne, mama."

"Jumanne ile ulinipeleka Mulot?"

"Ndiyo."

Rodah alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amesahau jina na sasa amelipata.

"Nilimsikia Sela," alisema. "Ulipokuwa unaongea na wale askari. Alilia nyuma ya yale mabati ya zizi, upande wa juu. Nikajiambia, Rodah, sasa umeanza kusikia vitu. Nikanyamaza, nisikusumbue na kazi yako."

Chemutai aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Na huyu fundi, mmemfunga kwa nini?"

"Kwa sababu yangu, mama."

Rodah aliivuta ile karatasi, akachukua kalamu, akauliza aandike wapi. Chemutai alimwonyesha mstari. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, akarudisha kalamu mezani.

"Mfungulie aende kwa watoto wake," alisema. "Wewe urudi hapa ukae na mimi."